Jarida la Bure: Mwalimu au Mchuuzi?

Siku hizi si ajabu kumkuta askari aliyemaliza zamu yake ya ulinzi ameketi barazani, simu mkononi, akisoma barua iliyotoka kwa mtu asiyemjua. Barua hiyo humwita kwa jina lake, humwamkia kama ndugu, kisha humweleza jinsi mtu wa kawaida awezavyo kujipatia fedha kwa kuuza bidhaa katika mtandao wa intaneti bila kuondoka nyumbani kwake. Kesho yake huja barua ya pili, na keshokutwa ya tatu. Zote ni za bure. Katika nyumba ambayo mshahara huisha kabla ya mwezi, na ambayo baba yu karibu kustaafu na kupokea kiinua mgongo, barua za namna hiyo si jambo la kupuuzwa. Yafaa basi iulizwe kwa makini: je, majarida haya yanafundisha, ama yanauza tu?

Wako wasemao kwamba waandishi wote wa majarida hayo ni matapeli. Wako pia waaminio kila neno, kwa kuwa mwandishi amejieleza kwa upole na hakudai hata senti moja. Pande zote mbili zimekosea. Wa kwanza hujinyima elimu ambayo ingewafaa, na wa pili hujitia hatarini pamoja na watoto wao.

Kuuza kwa njia ya kufundisha hakukuanza na intaneti. Mwaka 1895 kampuni ya John Deere ya Marekani, watengenezaji wa majembe ya plau, ilianza kutoa jarida la wakulima liitwalo The Furrow, ambalo lingali likichapishwa hadi leo. Mwaka 1900, nchini Ufaransa, ndugu wawili wenye kampuni ya matairi ya Michelin waligawa bure kitabu kilichowaonyesha wenye magari mahali pa kupata mafuta, mafundi, chakula na malazi. Sababu yao ilikuwa wazi: kadiri watu walivyosafiri, ndivyo matairi yalivyochakaa, na ndivyo walivyohitaji mengine. Hata hivyo, kitabu kile kilimfaa pia msafiri ambaye hakununua tairi hata moja kutoka kwao. Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Jarida lenye thamani humwachia kitu hata yule asiyenunua.

Upande wa pili wa habari hii ulianza katika mtandao wa watu wa ulinzi wenyewe. Mnamo Mei 1978, mwuzaji mmoja wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, Gary Thuerk, aliwapelekea watu wapatao 400 ujumbe mmoja wa kuwaalika waje California kuonyeshwa mashine mpya za kampuni yake. Ujumbe huo ulipitia ARPANET, mtandao uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambao haukuwekwa kwa ajili ya biashara. Wapokeaji wengi walikasirika, na afisa wa cheo cha meja aliyehusika na usimamizi wa mtandao huo akaandika kuonya kwamba kanuni zimevunjwa. Pamoja na hayo yote, Thuerk alikuja kueleza baadaye kwamba mauzo yalipatikana. Watu wengi waliudhika, wachache wakanunua, na aliyetuma akapata alichokitaka.

Hesabu ya jambo hilo ni nyepesi, na kila nyumba yapaswa kuijua. Zamani, mfanyabiashara aliyetuma barua kwa posta alilipia stempu kwa kila bahasha, hivyo ilimbidi achague ni nani wa kumwandikia. Barua pepe haina stempu. Kuituma kwa watu 10,000 kunagharimu kidogo sana kuliko posta. Na ichukuliwe, kwa mfano, kwamba mwandishi anauza somo la dola 50. Watu 9,900 wakiifuta barua yake bila kuisoma, na 100 tu wakanunua, amejipatia dola 5,000 kwa asubuhi moja. Wale 9,900 hawamtii hasara yoyote. Kwa sababu hiyo orodha ya anwani ndiyo shamba lake, na jarida la bure ndiyo mbegu. Mkulima hamwagi mbegu kwa ukarimu. Humwaga kwa kutazamia mavuno. Hakuna dhambi katika kutazamia mavuno, maadamu msomaji anajua kwamba yeye ndiye shamba.

Barua hizo aghalabu hufuata mpango unaofanana. Ya kwanza husimulia umaskini wa mwandishi na jinsi alivyookoka. Ya pili hutoa funzo dogo, nalo mara nyingi ni la kweli. Ya tatu huleta ushuhuda wa watu waliofanikiwa. Ya nne hutaja kozi yenye siri iliyobaki, na ya tano huonya kwamba mlango utafungwa usiku wa manane. Mara nyingine mwandishi hauzi mali yake mwenyewe, bali husifu mali ya mwenzake na kulipwa kamisheni kwa kila mnunuzi. Udalali ni kazi halali, lakini dalali mwaminifu husema kwamba yeye ni dalali. Mwaka 2009 mwongozo wa biashara wa Marekani ulieleza bayana kwamba hata mwandishi wa mtandaoni anayesifu bidhaa kwa malipo yampasa kuwajulisha wasomaji wake. Asiyesema hivyo huuvaa ukanzu wa mwalimu ilhali ameficha mizani ya mchuuzi.

Hatari kubwa huja pale bidhaa inayouzwa inapokuwa ndoto yenyewe. Mwezi Juni 2018, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuwalinda wanunuzi na hila, iliipeleka mahakamani kampuni ya MOBE, jina lake kamili My Online Business Education. Kwa maelezo ya Tume, watu waliahidiwa njia ya hatua 21 ya kutajirika kwa biashara ya mtandaoni, na kiingilio kilikuwa dola 49. Aliyekwisha kuingia alisukumwa kununua uanachama wa juu zaidi, daraja baada ya daraja, kwa maelfu ya dola. Na biashara aliyofundishwa ilikuwa ipi? Ilikuwa ni kuwauzia wengine uanachama ule ule. Tume ilidai kwamba zaidi ya dola milioni 125 zilikuwa zimechukuliwa kwa njia hiyo. Mwaka 2022 Tume ilitangaza kuwarudishia wahanga zaidi ya dola milioni 23. Kati ya hesabu hizo mbili kuna pengo kubwa ambalo msomaji anaweza kulipima mwenyewe.

Lipo jambo katika mashtaka hayo ambalo askari na mkewe hawana budi kulikumbuka. Tume ilieleza kwamba miongoni mwa waliolengwa walikuwamo wanajeshi, askari wastaafu na wazee. Sababu si ngumu kuielewa. Askari amezoea kufuata maagizo hatua kwa hatua, na njia ya hatua 21 humpendeza mtu mwenye nidhamu. Mstaafu hupokea fedha nyingi kwa mara moja baada ya miaka mingi ya kupokea kidogo kidogo, na hupokea fedha hizo siku zile zile anapopoteza kazi, cheo na ratiba ya siku yake. Mtu wa namna hiyo hutafuta kamanda mpya. Jarida linalomwambia la kufanya kila asubuhi laweza kuichukua nafasi hiyo kabla yeye mwenyewe hajatambua.

Walakini si haki kuwahukumu wote kwa kosa la wachache. Wako waandishi ambao barua zao ni darasa la kweli. Na achukuliwe mke wa askari anayeshona sare za shule katika kota za polisi. Jarida zuri litamfundisha kwamba tangazo lisilotaja bei huwachosha wateja; kwamba picha ya nguo ipigwe karibu na dirisha, katika mwanga wa mchana; kwamba mteja aliyenunua mara moja akumbushwe kabla ya muhula mpya kufunguliwa; na kwamba gharama ya uzi, vifungo na saa za kazi iingizwe katika bei. Mambo hayo anaweza kuyatenda kesho yake bila kulipa chochote. Ikiwa baadaye mwandishi huyo anauza kitabu chenye masomo zaidi, mama huyo atanunua au hatanunua kwa kuwa ameuona ujuzi wa mwalimu kwa macho yake. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ipo njia rahisi ya kupima, nayo haihitaji elimu ya juu. Sajini mmoja, kwa mfano, amesoma barua kumi za jarida fulani na anataka kulipia kozi kabla ya usiku wa manane. Mkewe hampingi wala hampigii kelele. Huleta daftari la matumizi ya nyumba na kalamu, kisha wakazipitia barua zote kumi pamoja. Kila penye jambo ambalo mtu aweza kulitenda kesho bila kununua kitu, huweka alama ya kwanza. Kila penye mwito wa kununua, huweka alama ya pili.

“Baba watoto,” asema mkewe wanapomaliza, “mwalimu huyu ametufundisha mambo mawili, na ametuomba fedha mara kumi na saba.”

“Lakini asema mlango unafungwa leo, mama.”

“Ukifungwa, tutabisha mwezi ujao. Duka linalouza kitu kizuri halikatai wateja.”

Maneno hayo ya mkewe yana hekima. Kozi iliyo njema leo itakuwa njema pia baada ya siku 30, na mwenye nia njema hatachukia kungojewa. Katika siku hizo, yafaa nyumba itafute majibu ya maswali matatu. Kwanza, je, mwandishi huyu hupata riziki yake kwa kuifanya biashara anayoifundisha, au kwa kuifundisha tu? Mwalimu wa kushona aliyewahi kushona ana jambo la kusema. Anayefundisha watu kuwafundisha wengine kufundisha hana kitambaa mezani. Pili, je, ametaja hasara kama anavyotaja faida? Hakuna biashara isiyo na hasara, na asiyeitaja ameificha. Tatu, je, anajulikana alipo? Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inazidai barua za biashara za mtandaoni ziwe na kichwa kisichodanganya, anwani ya posta ya mtumaji, na njia ya msomaji kujiondoa, na ombi la kujiondoa litekelezwe ndani ya siku 10 za kazi. Barua isiyo na hayo haifai hata kusomwa mara ya pili.

Katika nchi za Afrika Mashariki pia raia ana kinga. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Uganda inampa mtu haki ya kukataa habari zake zitumiwe kwa kumtangazia biashara. Lakini kinga iliyo bora kwa askari ni ile anayoishika mwenyewe. Fomu ya kujiandikisha kwa jarida isipewe jina la kikosi, cheo, mahali pa kazi, wala tarehe ya kustaafu. Mwuzaji wa masomo hana haja ya kujua askari yuko kambi gani, na adui akiipata orodha hiyo atafurahi kuikuta imejaa. Ni vema pia jarida lifikie anwani ya barua pepe iliyo mbali na ile inayotumiwa kwa benki na kwa mambo ya ofisi.

Kwa hiyo swali la mwanzo lina jibu lisilo la mkato. Jarida la bure laweza kuwa mwalimu, na laweza kuwa mchuuzi. Mara nyingi ni mwalimu wakati wa asubuhi na mchuuzi wakati wa jioni. Nyumba yenye busara huhudhuria darasa la asubuhi na kufunga mlango kabla ya jioni. Fedha ya kiinua mgongo imetokana na mikesha ya lindo, mvua za doria, na miezi ambayo mke alilea watoto peke yake. Yeye pia ameitumikia fedha hiyo, na hakuna sehemu yake inayopaswa kutoka bila ya daftari kufunguliwa mbele ya wote wawili.

Asubuhi ya pili sajini yule hujiondoa katika majarida tisa na kubakiza moja tu, lile lililomweleza mkewe jinsi ya kuweka bei. Kisha huenda lindoni, na daftari huachwa juu ya meza.