Simba wa Getini Ana Kosa Gani?

Mwaka huu sitaandika juu ya nidhamu wala usafi, maana hayo yameandikwa hadi yakachakaa. Nataka kuwatetea simba wa saruji.

Mnawajua. Ni wale wanaokaa wawili wawili juu ya nguzo za geti, wengine wamepakwa rangi ya dhahabu. Baba yangu ni fundi wao hapa Kikopey. Hukunja vyuma, akazungusha waya, akajaza zege, kisha akachonga manyoya kwa mwiko kabla saruji haijakauka. Wasafiri wanaoshuka kula choma huja kuwashika vichwa.

Basi mteja mmoja alileta picha ya kalenda: simba wa mawe mbele ya hekalu huko Japani. Aliwataka vivyo hivyo, akalipa nusu. Baba akafuata picha, mmoja mdomo wazi, mwingine mdomo umefumbwa. Siku ya kuwachukua jamaa akang'aka, "Fundi, huyu mmoja hujammaliza!"

"Mzee, hebu tazama picha yako," baba akamwambia.

Hakutazama. Mwenzake naye akadakia kwamba sanamu kama hizo huleta mapepo. Wakaenda zao. Ile nusu iliyobaki ndiyo ingelipa chakula changu cha mchana shuleni, kwa hivyo muhula huo githeri ya shule niliijua kwa harufu tu.

Nilisoma habari zao baadaye. Wajapani huwaita komainu, yaani mbwa wa Korea, kwa sababu waliingia kutoka China kupitia Korea. Aliyepanua mdomo hutamka "a", sauti ya kwanza, na aliyefumba hutamka "un", sauti ya mwisho. Ni mwanzo na mwisho wa mambo yote. Kumbe baba hakukosea hata kidogo!

Na hayo mapepo? Ngao ya taifa letu inashikwa na simba wawili, na hakuna anayeikemea. Maandiko yanakataza kuabudu sanamu, ni kweli, lakini mimi sijaona mtu wa Kikopey akilipigia geti lake magoti.

Jambo moja tu nakubali. Japani haina simba wa porini. Wachongaji wao wa kale walichonga wasichokiona, ndiyo maana anafanana na mbwa. Sisi simba hai wako hapo Mbuga ya Ziwa Nakuru, halafu tunaiga wa kalenda! Nilipomwambia baba hivyo alicheka, akasema mwenye pesa ndiye mwenye picha.

Sawa, lakini mwenye picha aiangalie vizuri kabla ya kumtuma fundi, na kazi ikiisha alipe.

Wale wawili bado wako mlangoni petu. Kuku wa mama hulala juu ya yule aliyefumba mdomo. Anayewataka aje na mkokoteni; nusu ya bei imeshalipwa.