Kumbukumbu Isiyo na Wakazi ni Kaburi
Wapo wanaodai kwamba urithi hutunzwa kwa sanamu na viingilio. Nawapinga. Tarehe 14 Novemba 1960, wasichana watatu Weusi wenye umri wa miaka sita waliingia shule ya McDonogh 19, New Orleans, iliyokuwa ya Wazungu pekee. Kimbunga Katrina kiliharibu jengo lake mwaka 2005. Mmoja wao, Leona Tate, aliunda taasisi iliyolipigania. Tangu 2022 jengo hilo lina maonyesho ya historia pamoja na makazi 25 ya bei nafuu kwa wazee. Huko ndiko kuhifadhi. Kukarabati kuta huku wenyeji wakihamishwa na kodi za pango ni kuwanyang'anya mara ya pili: kwanza haki, sasa mtaa.