Mtoto wa dunguni ni mtoro wa nani?

Nilikuwa kimya siku kadhaa. Kazi ya gazeti ilinipeleka Kibiti, na kutoka Nyamisati nikapanda boti kuingia visiwa vya delta ya Rufiji. Habari niliyotumwa niliiandika, mhariri akaikata ikabaki robo ukurasa. Sina kinyongo, ndiyo kazi. Lakini kuna jambo halikuingia gazetini na haliniishi kichwani. Ndilo nataka tulizungumze leo.

Nilikaa nyuma ya darasa katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Mwalimu alikuwa anaita majina. Kila baada ya majina machache darasa zima linajibu kwa sauti moja: "Yuko dunguni!" Mwalimu anaandika kwenye daftari lake: mtoro. Anaendelea na jina linalofuata.

Kama hujawahi kufika huko, dungu ni kibanda kinachoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Mpunga ukianza kutoa masuke, familia inahamia huko kuamia ndege mchana na kufukuza nguruwe pori usiku. Usipohamia, ndege watavuna kabla yako. Na wenye macho makali na miguu myepesi ni watoto.

Jioni nikakutana na mmoja wa hao "watoro". Alikuja na bibi yake kwa mtumbwi kununua chumvi na kiberiti. Ana miaka kama 11. Nilikuwa nalalamika kwa nini hatuondoki usiku ule. Yule mtoto akanieleza, tena taratibu kama mtu anayemfundisha mgeni: sasa ni maji mafu, mkono ule wa mto una kina kidogo, mtakwama kwenye matope mpaka maji yajae tena. Siku za bamvua mngepita. Nikamuuliza miti iliyotuzunguka. Mimi kwangu yote ilikuwa mikoko tu. Yeye akanitajia mkandaa, msinzi, mchu, mkomafi, na kila mmoja unafaa kwa kazi gani.

Kisha nikampa gazeti. Akasoma kichwa cha habari silabi kwa silabi, akachoka katikati, akanirudishia akicheka kwa aibu. Yuko darasa la nne.

Nikamuuliza bibi, kwa adabu zote, kwa nini mtoto haendi shule. Akaniambia: "Mjukuu wangu, akienda shule ndege wakamaliza mpunga, mwakani ataenda shule na nini tumboni?"

Sikuwa na jibu. Wewe unalo?

Chuoni tulifundishwa neno ujamiishaji (usilichanganye na lile neno jingine, tafadhali!). Maana yake ni namna jamii inavyomchukua mtoto asiyejua kitu na kumfanya awe mmoja wao: lugha, adabu, kazi, hofu, ndoto. Mfaransa Émile Durkheim aliona elimu kuwa kazi ya kizazi cha watu wazima kukiandaa kizazi kinachofuata kuishi ndani ya jamii. Tuliandika, tukafanya mtihani, tukasahau. Mimi nimeuelewa mstari ule pale ufukweni. Mtoto yule amefundishwa vizuri sana. Tatizo ni kwamba walimu wake hawasalimiani.

Familia inamfundisha kuwa mtu mzima ni yule anayelinda chakula cha wenzake. Shule inamfundisha kuwa akilinda chakula cha wenzake yeye ni mtoro. Sasa amwamini nani? Mtoto huwa anamwamini anayemlisha. Mimi na wewe tungefanya hivyo hivyo.

Wala tusidhani hali hii imeshuka kutoka mbinguni. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Operesheni Rufiji, Serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bonde la mto kwenda vijiji vya juu, mbali na mafuriko na karibu na huduma kama shule. Nia ilikuwa njema. Lakini ardhi yenye rutuba ilibaki bondeni. Watu wakawa na nyumba huku na shamba kule, na mtoto akawa katikati. Na mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaonya katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule inayomtenga mtoto na maisha ya wazazi wake haimjengi. Tulimpigia makofi, kisha tukaendelea na kalenda ile ile.

Kwa binti mambo ni magumu zaidi. Akivunja ungo, makungwi wanamcheza unyago na kumwambia: sasa umekua. Mimi si katika wanaodharau unyago. Kuna heshima, usafi na kujitambua ndani yake ambavyo shule zetu hazijaweza kufundisha. Lakini huyo aliyeambiwa amekua ana miaka 12 au 13, na Jumatatu anatakiwa kukaa dawati moja na watoto na kunyoosha kidole kuomba kwenda chooni. Sheria iliyorekebishwa 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Hayo ni mazuri. Lakini sheria inafika baada ya jambo kutokea. Kungwi anafika kabla. Kwa nini hatujamwita kungwi tukamwomba amwambie binti: umekua, na kukua kwako ni kumaliza shule?

Yupo na mlezi wa tatu, ndiye sisi tulio mbali. Kati ya 2015 na 2017 Kibiti na jirani zake walipita katika kipindi cha mauaji. Waliuawa viongozi wa vijiji, na tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari polisi wanane kwa mara moja. Mwandishi mwenzetu Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti matukio hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Mpaka leo hatujamwona. Sisi wengine tukajifunza kusema "Kibiti" kwa sauti ya chini. Kijana mmoja aliniambia kwenye basi kwamba akiwa Dar akiulizwa kwao hujibu "Pwani" tu, anaishia hapo. Huo nao ni ufundishaji. Ukimwita mtoto mtoro shuleni, na ukubwani ukamtazama kama mhalifu kwa sababu ya kwao, umemfundisha jambo ambalo hatalisahau.

Sitaki unielewe vibaya. Siimbi sifa za dungu. Asiyejua kusoma atapunjwa kwenye mizani, atasaini asichokijua, na mwaka mto ukifurika kama ulivyofanya Aprili 2024, atakuwa hana pa kushika. Bibi naye ana deni kwa mjukuu wake. Ninachosema ni kwamba kumlaumu bibi peke yake ni uvivu.

Niliona jambo dogo lililonipa matumaini. Mtoto yule yule anahudhuria chuo cha Kurani bila kukosa, hata msimu wa dungu. Kwa nini? Kwa sababu ustadhi anawafundisha alasiri, ndege wakishapungua, na anamjua bibi kwa jina. Hakubadilisha dini yake. Alibadilisha saa.

Je, halmashauri haziwezi kuruhusiwa kusogeza likizo ifuate msimu wa mpunga? Je, wazazi wenye nyumba karibu na shule hawawezi kulaza watoto wa wenzao kwa zamu, na wa dunguni wakalipa kwa mpunga? Je, somo la jiografia haliwezi kuanza na bamvua na maji mafu, ili kwa mara moja katika maisha yake mtoto yule awe wa kwanza darasani?

Wakati boti inaondoka alikuwa amesimama gatini ananipungia mkono. Tulipita salama, saa ile ile aliyotuambia.

Mtoro ni nani hapo? Tafakari.