Mtoto akikuta tundu lenye mlango

Wazazi wenzangu, msimu wa karafuu watoto wetu hushinda mashambani, na macho yao huona mengi tusiyoyaona sisi. Mtoto akikujia na habari ya tundu dogo ardhini lenye kifuniko kinachofunguka na kujifunga, usimwambie anatunga. Wapo buibui wanaoishi hivyo, na Afrika Mashariki ni miongoni mwa makwao.

Jenasi moja kubwa ya buibui hao huitwa Idiops. Mjerumani Perty aliipa jina hilo mwaka 1833 kwa buibui wa Brazili, kisha jamaa zake wakaonekana Afrika na Asia. Kwa miaka mingi waliwekwa kundi moja na buibui wengine wa milango. Mwaka 1985 Robert Raven wa Australia akawatenga katika familia yao, Idiopidae. Kufanana nyumba si kuwa ndugu. Wataalamu hutazama mwili. Kwa Idiops, macho mawili yapo mbele kabisa ukingoni, na sita yamerudi nyuma.

Jike huchimba tundu, hulitandika hariri, na kuuning'iniza mlango kwa bawaba ya hariri. Usiku hukaa mlangoni akisubiri mdudu apite. Kwa kawaida hahami. Huko Australia, Barbara York Main alianza mwaka 1974 kumfuatilia jike mmoja wa familia hii, aliyepewa namba 16. Mwaka 2016 ilibainika amekufa, akiwa na umri wa miaka 43, baada ya kuishi katika tundu lile lile. Basi anayemwaga maji ya moto au kuchimba kwa jembe kwa mchezo huenda anaua kiumbe mwenye umri wa mzazi wake.

Tuwafundishe wanetu mambo matatu. Kwanza, kutazama bila kugusa. Pili, kutotia kidole wala kijiti tunduni, maana ndani huweza kuwa na nyoka, nge au tandu. Tatu, akiumwa na chochote asifiche kwa kuogopa kugombezwa; aje mbio aseme. Osha jeraha kwa maji na sabuni, usichanje wala usifunge kamba, mpeleke kituo cha afya.

Hilo la tatu linatuhusu sisi zaidi. Mtoto anayechapwa kwa kuumwa, safari ya pili atanyamaza.

Tukutane wiki ijayo.