Fungueni Daftari la Silaha

Kwa Inspekta Jenerali,
Huduma ya Taifa ya Polisi,
Jogoo House, Nairobi.

Bwana Inspekta Jenerali,

Askari wa Kenya hatoki kituoni na bunduki bila kuandikwa. Kabla hajaingia barabarani hupitia ghala la silaha, na hapo mlinzi wa ghala huandika jina lake, namba yake ya utumishi, namba ya bunduki, idadi ya risasi na saa. Askari hutia sahihi. Akirudi jioni, bunduki hukaguliwa na risasi huhesabiwa upya. Kama alichukua ishirini na amerudisha kumi na saba, zile tatu hazina budi kuelezwa zilikokwenda. Hilo ndilo daftari la silaha, na ndilo lililosababisha barua hii.

Tangu Juni 2024 Wakenya wengi wamezikwa wakiwa na matundu ya risasi miilini. Familia zao zimeuliza swali moja tu: nani alifyatua? Jibu wanalopewa ni kwamba uchunguzi ungali unaendelea.

Inafaa kukumbuka mambo yalivyoanza. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipofika bungeni ulibeba ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, na tozo ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Vijana waliusoma kwenye simu zao, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kifungu kwa kifungu kwenye TikTok ili hata mama mboga aelewe kinachomjia. Serikali ilipoondoa baadhi ya ushuru huo tarehe 18 Juni, tayari walikuwa barabarani. Walibeba bendera, chupa za maji na simu. Hawakuwa na chama, hawakuwa wa kabila moja, wala hawakuwa na mkubwa wa kuitwa Ikulu kunywa chai na kutuliza mambo.

Tarehe 20 Juni, katikati ya Nairobi, kijana wa miaka 29 alipigwa risasi ya paja, akavuja damu hadi akakata roho. Kilio cha mama yake kilisikika nchi nzima. Kifo hicho baadaye kilifikishwa mbele ya hakimu kule Milimani, na mojawapo ya maswali yaliyotakiwa kujibiwa huko ni lile lile la ghala la silaha: siku ile, nani alipewa bunduki gani, na risasi za aina gani?

Siku tano baada ya kifo hicho wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha, 106 wakaupinga. Mchana huo waandamanaji wakaingia bungeni, sehemu ya jengo ikawaka moto, na risasi zikarindima nje ya lango. Jeshi likaitwa. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada wenyewe. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu maiti 39 na majeruhi 361. Hesabu ya waliokufa iliendelea kupanda hadi 60. Mswada wa kodi uliuawa kwa tangazo la dakika chache. Watu sitini hawarudi kwa tangazo.

Mtangulizi wako, Japhet Koome, alijiuzulu Julai hiyo. Kiti kilipata watu wengine. Madaftari hayakujiuzulu, yako kwenye kabati za vituo, na yaliyoandikwa siku zile hayajabadilishwa na mabadiliko ya ofisini. Au ndivyo wananchi wanavyotakiwa kuamini.

Sheria haina utata hapa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema nguvu zikitumika na mtu akafa au akaumia vibaya, mkuu wa askari huyo lazima aijulishe IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, mara moja. Linasema askari aliyevaa sare aonyeshe jina au namba yake mahali panapoonekana wazi. Linasema pia kwamba kisingizio cha kutumwa na mkubwa hakihalalishi nguvu zilizotumika kinyume cha sheria. Bunge lililopitisha maneno hayo lilikuwa bado na kumbukumbu mbichi ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na lilijua linamwandikia nani.

Kilichoonekana barabarani ni kingine. Wananchi waliona askari waliofunika nyuso, wengine wakiwa na jinzi na jaketi za raia huku wameshika bastola, na magari yasiyo na namba. Mtu aliyefyatuliwa risasi na mwanamume mwenye kofia ya sufu usoni hana namba ya kwenda kuandikisha kwenye OB, daftari la matukio la kituo. Hapo ndipo daftari la silaha linapobaki kuwa njia ya pekee ya kumjua.

Tazama basi tofauti inayoletwa na kamera. Tarehe 17 Juni 2025, muuza barakoa wa miaka 22 alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu, mchana kweupe, katikati ya Nairobi. Wapita njia walirekodi. Video ikaenea, askari akakamatwa muda mfupi baadaye, na hatimaye mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Kijana huyo alifariki tarehe 30 Juni. Miezi miwili kabla ya tukio hilo, waandishi wa BBC walikuwa wamechambua picha na video zaidi ya 5,000 za mkasa wa bungeni na kuonyesha, kwa namna ambayo mtazamaji wa kawaida angeifuata, maafisa waliowafyatulia risasi waandamanaji wasio na silaha. Waandishi hao hawakuwa na funguo za ghala lolote. Walikusanya picha zilizopigwa na umma, wakazipanga kwa saa na dakika. Ofisi yenye majina, namba na sahihi imeshindwaje kufanya ambacho wageni wenye kompyuta wamefanya?

Wapo waliokufa pasipo kamera. Usiku wa tarehe 25 Juni 2024 kule Githurai, milio ya risasi ilisikika saa nyingi baada ya jiji kutulia. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya Saba Saba, msichana wa miaka 12 aliuawa na risasi akiwa ndani ya nyumba yao huko Kiambu, akitazama televisheni. Hakuandamana. Hakujua hata kama risasi inakuja. Siku hiyo moja Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 38 waliokufa. Risasi iliyoingia katika nyumba ile ilitoka kwenye bunduki, na kama bunduki hiyo ilikuwa ya serikali, ina namba, na namba hiyo iliandikwa asubuhi na mtu anayejulikana.

Kuna jambo jingine linalowafanya Wakenya wasilale. Juni 2025 mwalimu wa miaka 31 alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake akawa maiti katika kituo cha Central. Taarifa ya kwanza ya polisi ilidai alijigonga ukutani. Wapasuaji wa maiti wakakuta majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo, na wakasema si ya mtu kujiumiza. IPOA iliwaambia maseneta kwamba kamera za kituo zilichezewa. Bwana Inspekta Jenerali Douglas Kanja, ulisimama mbele ya Seneti ukaomba radhi kwa taarifa ile ya mwanzo, na waliokuwapo walisikia. Radhi hiyo ilikuwa na uzito wake. Lakini ilifungua swali: kama kamera za kituo kilichoko katikati ya jiji zinaweza kuchezewa usiku mmoja, kurasa za madaftari zinalindwa na nani?

Wala hofu ya kupuuzwa si ya kubuni. Septemba 2024, wakati Gilbert Masengeli akikaimu kiti chako, Mahakama Kuu iliagiza mara kadhaa afike kueleza waliko wanaume watatu waliotekwa Kitengela tangu tarehe 19 Agosti. Hakufika. Jaji akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, na siku chache baadaye wanaume hao wakaonekana wakiwa hai. Hukumu iliondolewa baadaye. Ila kila mzazi aliyefuatilia alijifunza kwamba mwanawe aliyepotea huweza kupatikana pale tu mkubwa anapokaribia kufungwa, na hilo ni funzo baya sana kuachia taifa.

Barua hii haisahau upande wa askari. Polisi wameumizwa kwa mawe, vituo vimechomwa tarehe 25 Juni 2025, na wafanyabiashara wamefunga maduka yaliyoporwa hadi rafu zikabaki tupu. Konstebo anayelala kwenye chumba kinachogawanywa kwa pazia, akaamshwa alfajiri kwenda kuzuia umati akiwa hajanywa hata chai, naye ni mtoto wa mtu. Wengi wao walirudisha risasi zote walizopewa. Daftari ndilo litakalowasafisha hao. Likifichwa, kila mwenye sare hubeba lawama ya mmoja, na mtaani hakuna anayetofautisha.

Viongozi nao wamewapa askari amri zinazogongana na sheria. Baada ya maandamano ya Juni 2025, Waziri wa Usalama Kipchumba Murkomen alisema anayekaribia kituo cha polisi apigwe risasi. Wiki mbili baadaye Rais alisema wanaochoma biashara za wengine wapigwe risasi za miguu. Kijana wa tarehe 20 Juni 2024 alipigwa risasi ya paja. Hakufika mahakamani kwa mguu mbovu, alikwenda makafani.

Mnamo Agosti 2025 Rais alitangaza mpango wa kuwafidia walioathiriwa na maandamano tangu 2017. Fidia ni haki yao. Lakini muulize mzazi yeyote wa Nyalenda, Kisumu, ambako mtoto wa miezi sita alikufa kwa kipigo cha polisi baada ya uchaguzi wa Agosti 2017. Ilichukua hadi Oktoba 2022 kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kuamua kuwashtaki maafisa. Hundi haisemi aliyepiga alikuwa nani, wala kama bado yuko zamu.

Kina mama wa Kenya wanajua kungoja. Mwishoni mwa Februari 1992 mama za wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walikaa Uhuru Park wakagoma kula. Polisi wakawajia na virungu na vitoa machozi. Maathai akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya kina mama wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila mwana wa Mwafrika anaielewa. Walihamia katika kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Wengi wa wana wao waliachiwa. Kina mama wa leo hawadai mwana aachiwe. Wanadai jina.

Kwa hivyo ombi ni hili. Toa agizo la maandishi, leo, kwamba hakuna daftari la silaha litakaloharibiwa, kuhamishwa au kuandikwa upya. Kisha nakala zilizothibitishwa zipelekwe IPOA, kutoka kila kituo na kila kikosi kilichotuma watu barabarani, GSU ikiwemo, pamoja na orodha ya nani alipangiwa barabara ipi. Kando ya kila kifo itangazwe kama mkuu wa kituo aliijulisha IPOA kama sheria inavyotaka, na tarehe aliyofanya hivyo. Pale ambapo hakuna tarehe, na iandikwe kwamba hakuna.

Siku ambazo madaftari yake yanatakiwa ni 18 hadi 27 Juni 2024. 2 na 16 Julai 2024. 17 na 25 Juni 2025. Na 7 Julai 2025. Ofisi za IPOA ziko 1st Ngong Avenue, ndani ya jiji hili hili, na gari likitoka Jogoo House asubuhi litakuwa limefika kabla ya saa nne. Zipelekwe.