Dakika Sita za Mwendo na Uzito wa Neno

Polepole ndio mwendo, walinena wahenga. Matabibu nao wamebaini kwamba mwendo wenyewe ni kioo cha siha: umbali anaoufikia mtu kwa kutembea dakika sita hueleza mengi kuhusu moyo, mapafu na misuli yake.

Kipimo hiki kina historia. Mwaka 1968 daktari Mmarekani Kenneth Cooper alitangaza jaribio la kukimbia kwa dakika 12, alilolitumia kupima ukakamavu wa wanajeshi. Mwaka 1976 watafiti wa Uingereza waliligeuza kuwa la kutembea ili wagonjwa wa mapafu walimudu, na mwaka 1982 likafupishwa hadi dakika sita. Halihitaji mashine ya bei ghali. Ujia ulionyooka wa mita 30, alama mbili za kugeukia, kiti na saa vyatosha. Kwa zahanati ya mashambani, hii ni neema.

Hata hivyo, kuna kifaa kingine ambacho aghalabu husahaulika, nacho ni neno. Mgonjwa huagizwa atembee umbali mrefu kadiri awezavyo, bila kukimbia. Ana ruhusa ya kupunguza mwendo, kusimama na hata kuegemea ukuta, ingawa saa haisimami. Msimamizi naye hutakiwa kutamka maneno yaleyale, kwa sauti ileile, kila dakika moja inapopita.

Kwa nini masharti hayo? Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba wagonjwa waliotiwa moyo walitembea takriban mita 30 zaidi. Nao mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2014 huchukulia tofauti ya takriban mita 30 kuwa mabadiliko ya maana kwa mtu mzima mwenye maradhi sugu ya mapafu. Tuseme muuguzi alinyamaza mwezi Januari, kisha mwezi Machi akahimiza, "Jikaze, mama, umefika!" Huenda akaandika kwamba mgonjwa amepata nafuu, ilhali kilichobadilika ni ulimi wa muuguzi.

Wapo watakaodai kwamba suala hili ni la matabibu, halimhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Dai hilo halina mashiko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Iwapo kila muuguzi atajitafsiria maagizo papo kwa papo, mmoja atasema "tembea haraka", mwingine "jikaze", na wa tatu "nenda mbali uwezavyo". Hizo si kauli moja, na matokeo yake hayawezi kulinganishwa.

Isitoshe, kabla na baada ya kutembea, mgonjwa huombwa akadirie jinsi pumzi inavyomsumbua. Kiswahili kina kuhema, kutweta na kubanwa na pumzi. Lipi ni zito kuliko jingine? Mzee wa Lamu na mama wa Nakuru huenda wasiafikiane. Swali hilo halijibiwi kwa kufungua kamusi pekee. Lahitaji utafiti wa nyanjani, na wa kuufanya ni wanaisimu.

Ikumbukwe pia kwamba kipimo hiki kina mipaka. Hakitaji jina la ugonjwa, na umri, kimo na jinsia huathiri umbali. Aliyepatwa na mshtuko wa moyo hivi karibuni hafai kupimwa.

Hivyo basi, vyama vya Kiswahili vyuoni na idara za uuguzi hazina budi kuketi pamoja, kuandaa maagizo sanifu, kuyajaribu mbele ya wagonjwa na kuyarekebisha. Makongamano yamesisitiza mara nyingi kwamba Kiswahili kinaiweza sayansi. Dakika sita katika ujia wa zahanati zingelithibitisha hilo kuliko hotuba nyingi.