WARAKA WA UMMA USOMEKE

Wako watu wasemao kwamba waraka ukisha wekwa katika intaneti, basi umekwisha wafikia wananchi, na aliyeuandika aweza kunawa mikono. Sisi twakataa. Waraka uliowekwa mahali ambapo mfanyakazi hawezi kuufungua haukumfikia. Umehamishwa tu kutoka kabati moja hadi kabati jingine, na ufunguo ungali mfukoni mwa mtu mwingine.

Na tuchukue mfano ambao kila mwanachama aweza kuufikiri. Mfanyakazi ameachishwa kazi siku ya Ijumaa. Kanuni zilizotungwa mwaka 2007 ziliweka siku 30 za kupeleka shauri la kuachishwa kazi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo hazimngoji mtu. Ndugu huyo ana simu ya bei ndogo na kifurushi cha intaneti cha shilingi chache, naye ameambiwa na wenzake kwamba kanuni na fomu zote zimo mtandaoni. Anabonyeza. Simu inapakua faili zito, kisha inamwarifu kwamba haina programu ya kulifungulia. Akiitafuta programu hiyo anakutana na matangazo ya biashara. Moja yataka fedha, nyingine yataka aandikishe jina na anwani yake kabla ya kumwonyesha hata ukurasa wa kwanza. Kifurushi kimekwisha. Haki yake ilikuwa ndani ya faili lile, nayo ingali humo.

Mambo haya hayakutokea kwa bahati mbaya. Aina ya faili iitwayo PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe ya Marekani mwaka 1993. Shabaha yake ilikuwa njema, wala hatuikebehi: ukurasa uonekane vilevile katika kila mashine, herufi zilezile, mistari ileile, kama kwamba umepigwa chapa. Lakini kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuutazama ukurasa huo ndani ya kivinjari, yaani ile programu tunayoitumia kufungulia tovuti, alilazimika kukipachikia kivinjari chake kipande cha programu cha kampuni. Kipande hicho hakikuuzwa, lakini kilikuwa kimefungwa. Hapana mtu wa nje aliyeruhusiwa kutazama kilivyotengenezwa. Wezi wa mitandao walipogundua matundu ndani yake, nao waliyagundua mengi, mtumiaji hakuwa na la kufanya illa kungoja mwenye mali ayazibe kwa wakati wake.

Mwaka 2008 PDF ikafanywa kanuni ya kimataifa chini ya shirika la ISO. Mwaka 2011 Andreas Gal na Chris Jones, waliokuwa wakifanya kazi Mozilla, wakaanza jaribio la kuandika msomaji wa PDF kwa lugha ya JavaScript, ambayo kila kivinjari huielewa tangu kinapofungwa mashineni. Jaribio hilo likaitwa PDF.js. Mwezi wa Februari 2013, katika toleo la 19 la kivinjari cha Firefox, likawa ndilo chombo cha kawaida cha kufungulia nyaraka. Msimbo wake wote, tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho, umewekwa hadharani kwa leseni ya Apache: kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuutumia, kuubadili na kuugawa, bila kulipa na bila kuomba.

Sisi wa magazeti twaweza kuielewa kazi yake upesi kuliko watu wengine. Faili la PDF kwa asili si picha. Ni maagizo, kama yale ambayo mhariri humpa mpanga kurasa: weka herufi hii hapa, chora mstari pale, picha hii ikae juu upande wa kulia. PDF.js huyasoma maagizo hayo na kuchora ukurasa ndani ya kivinjari. Kisha juu ya mchoro huo hutandaza maneno yenyewe, yasiyoonekana kwa macho, ili msomaji aweze kutafuta neno “likizo” au “kiinua mgongo” katika kurasa 200 na kulipata mara moja, au kunakili kifungu anachokitaka. Tena, pale ambapo seva inaruhusu, huomba vipande vya faili vinavyohitajika tu, hata ukurasa wa kwanza ukaonekana kabla faili zima halijafika. Kwa mtu anunuaye intaneti kwa kipimo, kama anunuavyo mafuta ya taa, hiyo ni fedha.

Lakini faida iliyo kubwa zaidi kwa watu wetu ni kwamba fundi wa tovuti aweza kukipachika chombo hicho ndani ya tovuti yenyewe, kikaja pamoja na waraka. Kwa miaka mingi Chrome katika simu za Android ilikuwa ikipakua PDF badala ya kuionyesha palepale, na hapo ndipo ndugu yetu wa Ijumaa alipokwama. Tovuti yenye chombo chake haimwulizi msomaji ana programu gani. Humwonyesha waraka. Basi ofisi ya umma ambayo hata leo yamtuma mwananchi akatafute programu ya kampuni haina tena udhuru wa gharama.

Wapo watakaouliza: kitu kilicho wazi hivyo, je, hakimkaribishi mwizi? Swali ni la haki, na hatutalijibu kwa kelele. Mwezi wa Agosti 2015 tundu liligunduliwa katika msomaji huyo wa Firefox, na wahalifu walikuwa wamekwisha anza kulitumia kuiba mafaili ya watu. Mozilla ilitoa toleo lililozibwa mara ilipoarifiwa. Mwaka 2024 likapatikana tundu jingine, nalo likazibwa katika toleo la 4.2.67. Kwa hiyo si kweli kwamba uwazi ni kinga. Uwazi huwapa watu wengi nafasi ya kulichunguza tundu na kuhakikisha kwamba limezibwa, badala ya kuamini neno la mwenye duka. Ila kiraka hakimfai asiyekivaa. Tovuti iliyopachika toleo la zamani mwaka 2018 na kulisahau iko hatarini leo, na lawama hapo si ya waliotengeneza programu bali ya ofisi iliyodhani kwamba kitu cha bure hakihitaji mtu wa kukitunza. Programu huria yahitaji fundi mwenye mshahara, na mshahara huo uingizwe katika makisio ya mwaka.

Wengine watasema kwamba tunatoka mkononi mwa mgeni mmoja na kuingia mkononi mwa mgeni mwingine. Nasi hatuwafichi wasomaji: Mozilla yenyewe kwa miaka mingi imepata sehemu kubwa ya mapato yake kwa mikataba ya utafutaji na Google, kampuni ambayo haikosi tamaa zake. Lakini hapa leseni ndiyo iamuayo. Hata kama kesho Mozilla itafunga milango, msimbo uliokwisha tolewa hauwezi kurudishwa ghalani. Fundi wa Dar es Salaam au wa Kigoma ataendelea nao. Jambo la namna hiyo si geni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, na hakikumpigia goti mtu yeyote kuomba idhini, kwa sababu msimbo ulikuwa huru. Tunasikitika kwamba kazi ile haikupewa nguvu iliyoistahili. Lakini iliwezekana.

Sasa tugeukie kosa ambalo hapana programu iwezayo kulisahihisha, nalo ni letu wenyewe. Karani anapiga chapa barua kwa kompyuta. Anaitoa kwenye karatasi, inatiwa sahihi na muhuri, kisha anaipiga picha kwa mashine na kuiweka mtandaoni. Kilichokuwa maneno sasa ni picha ya maneno. Faili lililokuwa jepesi limekuwa zito mara nyingi. Ukitafuta neno ndani yake hulipati. Kipofu ambaye simu yake humsomea kwa sauti haambiwi kitu, kwa kuwa hamna herufi, mna madoa meusi tu juu ya weupe. PDF.js italionyesha faili hilo kwa uaminifu wote, pamoja na upogo wake na kivuli cha kidole cha karani. Muhuri una heshima yake, na asili yenye muhuri ihifadhiwe. Lakini kwa wasomaji yatolewe maneno yenyewe. Tena tangazo la mistari kumi halina haja ya PDF hata kidogo. Liandikwe moja kwa moja katika ukurasa wa tovuti, maana hata chombo hiki tunachokisifu kina uzito wake, na simu ndogo huuona.

Kwa sheria ya mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Ulikuwa ushindi mkubwa, na Mahakama imekuwa ikiweka hukumu hadharani bure katika tovuti ya TanzLII, kazi ambayo twaisifu bila kusita. Lakini hukumu ya Kiswahili iliyomo ndani ya faili lisilofunguka ni bubu sawasawa na ile ya Kiingereza. Kazi ya kufasiri na kazi ya kuonyesha ni kazi moja, na wanaozigawa katika idara mbili wasishangae mwananchi akikosa zote mbili.

Hatuwezi kuwanyoshea wengine kidole tukajisahau. Ofisi moja iliyo karibu nasi, ambayo hatutaitaja, ilisambaza fomu kwa matawi. Kila aliyeifungua kwenye simu aliona maneno ya Kiingereza yakimwomba asubiri. Makatibu wakasubiri. Mmoja alitupigia simu kuuliza asubiri hadi lini. Kumbe fomu ilikuwa ya namna iitwayo XFA, ambayo vivinjari vingi havikupata kuielewa. Firefox ilianza kuionyesha mwaka 2021, wakati ambapo namna hiyo ilikuwa imekwisha tangazwa kuwa ya kuachwa. Hakuna aliyekusudia mabaya. Aliyeitengeneza alikuwa na kompyuta kubwa yenye programu ya kulipia, akaiona inafunguka, akaridhika.

Fomu hiyo sasa imeandikwa upya kwa njia ya kawaida, na kabla ya kupelekwa matawini ilijaribiwa katika simu ya mlinzi wa lango, si katika kompyuta ya mkuu wa ofisi. Ilifunguka. Mlinzi aliisoma hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini kipengele cha nne kimeachwa kwa Kiingereza. Kipengele hicho kinafasiriwa juma hili.